Farasi Hawaongezwi kwa Maneno

Motokaa ya zamani ikipita njia ya Bagamoyo hapa Kerege, bweni zima hubishana. Wako wasemao kwamba ukiifungia Datsun 240Z supachaja, yaani mtambo wa kuisukumia injini hewa, nguvu zake zitakuwa mara mbili. Mimi nakataa, na hesabu yake si ngumu.

Motokaa ya namna hiyo, aliyoshindia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika Safari Rally ya mwaka 1973, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 150 hivi. Hewa ya pwani hutukandamiza kwa ratili 14.7 kila inchi ya mraba. Supachaja ikiongeza ratili 6, jumla ni 20.7, gawanya kwa 14.7, utapata 1.4. Basi farasi 150 wangekuwa 210. Wangekuwa, nasema! Maana hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Tena supachaja huzungushwa kwa mkanda na injini ile ile, nayo hula farasi wake. Kwa maoni yangu, apataye 185 ashukuru.

Hao wa mara mbili wahitaji ratili 14.7 na zaidi. Lakini injini hiyo tayari hushindilia mchanganyiko wake mara 9 hivi. Ukiizidishia kiasi hicho, petroli hulipuka kabla ya wakati na pistoni hutoboka. Injini ya asili ikifa, kupata nyingine ni taabu kubwa, wala hapana mbishi hata mmoja wa bwenini atakayemlipa mwenyewe.