Bondia Akishapigwa Konde la Mwisho, Nani Ana Deni Naye?

Mashabiki wetu wa ngumi hapa Mwanza humtaja Julio César Chávez wa Mexico kana kwamba alizaliwa Igoma. Sina ugomvi nao. Lakini ng'ambo ya ziwa hili hili, Kampala, mwaka 1960 alizaliwa bondia ambaye safari yake ya ulingoni inatuhusu zaidi: John Mugabi, aliyeitwa "The Beast", yaani Mnyama.

Mwaka 1980 Mugabi alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Moscow. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, aliiletea Tanzania fedha ya mita 5,000. Vijana wawili wa ukanda wa ziwa, medali za rangi moja. Nyambui alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha nchini. Mugabi alichukuliwa na promota wa London, Mickey Duff. Sisemi kwamba shule humkinga mtu na kila balaa. Nasema tu kwamba mmoja alikuwa na pa kwenda miguu itakapochoka.

Katika ngumi za kulipwa Mugabi aliwamaliza wapinzani wake wote kabla ya kengele ya mwisho, hadi alipokutana na Marvin Hagler, Las Vegas, tarehe 10 Machi 1986. Alipanda uzito ili kumkabili bingwa huyo wa uzito wa kati. Walichapana bila kuoneana huruma, na katika raundi ya 11 Mugabi akaanguka asiinuke kwa wakati. Hagler alipigana mara moja tu baada ya hapo. Aliposhindwa na Sugar Ray Leonard mwaka 1987 alitundika glovu, wala hakushawishika kurudi.

Mugabi aliendelea. Desemba 1986 jicho lilimtoa ulingoni katika raundi ya tatu mbele ya Duane Thomas. Julai 1989, nchini Ufaransa, hatimaye akawa bingwa wa dunia wa WBC, René Jacquot alipoumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Machi 1990 Terry Norris akamwangusha katika raundi ya kwanza. Novemba 1991 Gerald McClellan naye akafanya vivyo hivyo. Kisha mwaka 1996, akiwa Australia, Mugabi akavaa tena glovu, na akapigana hadi mwaka 1999.

Watu wataniambia: ni hiari yake, ni mtu mzima. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Hiari ya mtu ambaye hajui kazi nyingine, na ambaye kila aliye karibu naye hulipwa pale tu anapopanda ulingoni, ni hiari ya namna gani? Na hatari si ya kubuni. McClellan huyo huyo, Februari 1995, alitoka katika pambano lake na Nigel Benn mjini London akiwa na damu kwenye ubongo, na akapoteza uwezo wa kuona.

Sisi wa Mwanza tunaujua mpango wa namna hii. Minofu ya sangara husafirishwa Ulaya, nasi tunabaki na mapanki.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja la kisheria, lisilohitaji fedha za serikali. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii tayari hupokea wanachama waliojiajiri, wakiwemo wavuvi na mama lishe. Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa isitoe kibali cha pambano lolote mpaka promota aoneshe stakabadhi ya mchango uliowekwa kwa jina la kila bondia, pamoja na cheti cha daktari asiyelipwa na promota huyo. Atakayepigwa nokauti apumzishwe kwa muda uliowekwa na daktari, na muda huo uandikwe kwenye leseni yake ili asikimbilie mkoa mwingine kupigana.

Mapromota watalalamika kwamba mapambano yatapungua, na huenda wana haki. Waseme basi, mbele ya mabondia wao, ni mapambano gani hayawezi kufanyika iwapo bondia atawekewa akiba na kupimwa kichwa.