Uraia wa Wapemba: Amri imetolewa, sheria ingali na kasoro

WAPEMBA wa Pwani walipokabidhiwa vitambulisho na Rais William Ruto mjini Kilifi, Julai 2023, watetezi wao walikuwa wamebisha hodi serikalini kwa miaka mingi. Wamakonde walitangulia 2016, baada ya kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Washona wakafuata 2021.

Mkazi wa Ganjoni aliye na kitambulisho huenda asitambue uzito wake. Asiye nacho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu wala hapigi kura. Mvuvi wa Kipemba alikosa hata leseni ya kuvua.

Hata hivyo, amri ya rais haikugusa chanzo cha tatizo, ambacho kimo katika sheria yenyewe.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kilimruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote kuomba wa Kenya, mradi awe ameishi nchini mfululizo tangu Desemba 12, 1963, na ajue Kiswahili au lugha nyingine ya humu. Kwa Kiswahili, Mpemba hahitaji mwalimu. Kikwazo ni tarehe. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964, mwezi mmoja kamili baadaye. Waliovuka bahari kukimbia msukosuko huo wakawa wamechelewa.

Ajabu ni kwamba hadi uhuru wa Kenya, ukanda wa maili kumi wa Pwani, Mombasa ikiwamo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mpemba aliyehamia Mombasa enzi hizo hakuwa ametoka katika himaya ya sultani wake.

Hata waliotimiza masharti walipewa miaka mitano tu kutuma maombi, ikaongezwa mitatu. Muda huo ulikwisha Agosti 2019.

Ndipo ulipo mtihani wa watetezi. Amri huokoa jamii moja kwa wakati mmoja, na hutegemea hiari ya aliye madarakani. Wazao wa Warundi na Wanyarwanda walioletwa kufanya kazi mashambani zama za ukoloni hawapaswi kungoja zamu ya kuhurumiwa. Bunge likiondoa kikomo cha muda na kuitazama upya tarehe ya 1963, anayestahili ataomba uraia kama haki yake, bila kulazimika kwanza kutembea hadi Nairobi.