Fedha zimekwenda, afya isiende nazo

Wazazi, viazi na parachichi vikiuzwa, fedha huingia Njombe na Makambako, na wenye maneno matamu huingia nazo. Mwaka 2009 ilikuwa DECI: “panda mbegu”, uvune zaidi. Serikali ikaisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Siku hizi mbegu hiyo inapandwa kwenye simu.

Ukitapeliwa, usikae na siri. Siri hiyo inalipiwa na nyumba nzima: usingizi unapotea, presha inapanda, dawa zinarukwa, ugomvi unaanza na watoto hawajui kisa. Mwambie mwenzi wako siku hiyo hiyo.

Kisha, kama ulituma kwa simu, pigia mtandao wako haraka kabla fedha haijatolewa. Usifute meseji, ndizo ushahidi. Nenda polisi, uondoke na RB. Meseji za kitapeli zitume namba 15040.

Jihadhari pia na mwizi wa pili: anayepiga akidai atakurudishia zote, ila utangulize ada kidogo. Polisi hawatozi ada ya kukurudishia fedha. Ukituma, umeibiwa mara mbili.

Fedha inaweza isirudi. Usikimbilie mkopo wa riba kuziba pengo kimyakimya. Na baba au mama akikosa usingizi wiki mbili, akiacha kula au akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya leo. Deni linaweza kusubiri.