MWAMBIE DAKTARI UKWELI WOTE



Leo nasema jambo ambalo huwa hatulitaji madhabahuni. Kuna mtu anasoma hapa ambaye akienda haja kubwa anaona damu. Ni miezi sasa. Amejiambia ni bawasiri, amekunywa dawa za mitishamba, amekuja mbele kuombewa, na alipoulizwa shida ni nini akajibu, "Tumbo tu, Mchungaji."

Ni kweli, mara nyingi damu hiyo huwa ni bawasiri. Lakini huwezi kujua kwa kukisia. Wakati mwingine ni uvimbe umeota mwisho wa utumbo mpana, na uvimbe haujali kama wewe ni shemasi au mwimbaji wa kwaya.

Wengi mnaogopa kwamba mtapasuliwa tumbo na kubaki na mfuko wa kinyesi maisha yote. Upasuaji huo upo, umeokoa wengi, na kuvaa mfuko huo si aibu. Lakini sio njia pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari Mjerumani, Gerhard Buess, alitengeneza vifaa vya kuufikia uvimbe kupitia njia ile ile ya haja kubwa: bomba lenye upana wa sentimita 4 hivi, lenye kioo cha kuonea na vyombo vyembamba. Gesi huingizwa ili nafasi ipanuke, kisha uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Tumbo halipasuliwi. Mwaka 2010 madaktari wa Florida, Marekani, walieleza jinsi ya kufanya hivyo kwa vyombo vya kawaida vya upasuaji wa matundu madogo.

Sasa shika hili. Njia hiyo ni ya uvimbe ambao haujawa saratani, au saratani changa ambayo haijachimba sana ukuta wa utumbo wala kufika kwenye tezi. Ndiyo maana utapimwa kwanza: kwa kidole, kwa kamera, kwa kipande kidogo kupelekwa maabara, na kwa picha. Hata baada ya kuondolewa, uvimbe wenyewe hupimwa tena. Wakikuta umechimba ndani zaidi, huenda ukahitaji upasuaji mkubwa. Na lazima urudi kukaguliwa, kwa sababu unaweza kuota tena. Si kila hospitali hufanya upasuaji huu, kwa hivyo muulize daktari wako akuelekeze.

Umeona hasara ya kuficha? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aibu yako inaweza kugeuza upasuaji mdogo kuwa mkubwa, na mkubwa kuwa mazishi.

Soma 1 Wakorintho 12. Paulo anafundisha kwamba viungo tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Mungu hakuumba sehemu yoyote ya mwili wako kwa makosa. Soma pia Marko 5. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 alimweleza Yesu ukweli wote mbele ya umati. Wewe unaombwa umweleze daktari mmoja, mlango ukiwa umefungwa!

Na yeyote anayekwambia uache hospitali ndipo uonyeshe imani, usimfuate. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Hiyo iko Isaya 38. Maombi na matibabu havigombani.

Wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, mtu akija kwenu na jambo hili, msicheke wala msilipeleke kwa wengine. Msindikizeni hospitali.

Mpendwa, nenda wiki hii. Ukiulizwa shida ni nini, usiseme "tumbo tu." Sema damu. Sema tangu lini. Nakuombea ujasiri, na madaktari wako nawaombea hekima na mikono thabiti, katika jina la Yesu. Amina.