Shamba ni Langu, Mto ni wa Wote

Kila pazukapo habari ya ardhi, aghalabu husikika maneno mawili. Mwenye shamba husema, "Hili ni langu, nimelirithi kwa baba yangu, na hapana wa kuniamrisha nilifanyie nini." Mwenye ramani naye husema, "Nchi ni ya wote, na mtu mmoja hawezi kuzuia mpango wa watu elfu." Maneno yote mawili yana haki ndani yake. Lakini kila moja likiachwa litawale peke yake, huzaa dhuluma.

Mwezi huu twapenda kuyapima maneno hayo mbele ya wasomaji wetu, kwani jambo hili halikai ofisini tu. Huingia majumbani, likagusa urithi wa mayatima, nyumba ya mjane, kisima cha mtaa na makaburi ya wazee wetu. Mfano wetu tutautoa Tanzania Bara, ambako sheria zake zimelisema jambo hili waziwazi.

Na tuanze na haki ya mwenye shamba. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wako wanaodhani kwamba kwa maneno hayo mkulima hana kitu. Hivyo sivyo. Sheria hiyo hiyo yaitambua hakimiliki ya kimila, yaani haki ya yule aliyeipata ardhi kwa desturi za watu wake, na yaipa hadhi sawa na hakimiliki itolewayo na Serikali kwa hati. Tena yatangua kila desturi imnyimayo mwanamke, mtoto au mlemavu haki yake ya kupata na kutumia ardhi. Halmashauri ya kijiji nayo si mwenye mali. Ni mdhamini tu, wala haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wa kijiji, haujakubali.

Basi haki ya mwenye shamba ni kubwa. Lakini je, haina mpaka? Tuutazame mto Msimbazi. Huanzia katika vilima vya Pugu, ukateremka kupita mitaa mingi ya Dar es Salaam, ukafika Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salander. Mto huo haujui mpaka wa kata wala jina la mwenye kiwanja. Akataye miti juu, atupaye taka katikati na ajengaye bondeni, kila mmoja aweza kusema, "Nafanya kwangu." Mvua ikinyesha, vitendo vyao hukutana mahali pamoja. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu katika jiji hilo, na wengi wa waliokosa makao walihamishiwa Mabwepande. Pale palihitajiwa mkono wenye kuona bonde zima, kwani hapana mtaa mmoja uwezao kuutawala mto.

Na huko mashambani mambo ni kama hayo. Ng'ombe hufuata majani na maji, na mahindi hukaa palipopandwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliishia kwa mauaji ya watu 38. Twataja habari hiyo ya huzuni ili ijulikane kwamba kukosekana kwa mpango unaokubaliwa na pande zote si jambo dogo. Kila upande ukishika neno la "hili ni langu" bila ya kuwapo mahali pa kuketi na kupatana, mwisho wake waweza kuwa damu.

Lakini asije mwenye ramani akafurahi upesi, maana naye ana hesabu yake. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba Kigamboni, iliyo ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, pangejengwa mji mpya. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakati mpango ukitengenezwa. Miaka ikapita. Eneo la mpango likapunguzwa, wakala maalumu ukaundwa, na kufikia mwaka 2017 wakala huo ulikwisha vunjwa na kazi ikarudi kwenye manispaa. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016 na watu wakanufaika nalo, lakini mji ule uliochorwa haukujengwa.

Fikirini, enyi wazazi, maana ya katazo la namna hiyo katika nyumba moja. Kuta zimesimama bila ya paa, na mwenyewe hathubutu kuezeka. Mzee amekufa, warithi wataka kugawana, na mnunuzi haonekani kwa kuwa hajui kesho kutakuwaje. Mtu hakunyang'anywa shamba lake, wala hakulipwa fidia, lakini hawezi kulitumia. Hii nayo ni namna ya kumwondolea mtu mali yake ilhali jina lake lingali limeandikwa juu yake. Mpango ambao hauna siku ya mwisho ni mzigo uliotwikwa mabega ya wachache kwa faida ambayo bado haijaonekana.

Iko kadhia katika tarikhi yetu ambayo twaona yafaa iwe kipimo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alitenga malisho ya wanyama wa umma, akamweka huru wake aitwaye Hunayy kuyasimamia. Akamwonya aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwamuru awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu yake ilikuwa kwamba matajiri hao, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini maskini, wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake mlangoni pa Khalifa kuomba. Kisha akakiri kwamba wenyeji watamwona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ile ni yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa nayo. Na lau si haja ya wanyama wale wa jihadi, asingaliwazuilia hata shubiri moja.

Tuyatazame mambo matatu katika amri hiyo. La kwanza, mtawala alikiri kwa kinywa chake kwamba ardhi ina wenyewe. La pili, aliitaja haja ya umma kwa jina lake, na akatenga kwa kadiri ya haja hiyo. La tatu, kizuizi kilianza kwa mwenye nguvu, na mlango ukabaki wazi kwa mnyonge. Mpango wowote wa leo, uwe wa mji, wa bonde au wa mkoa, na upimwe kwa mambo hayo matatu. Ukianza kwa kumng'oa mwenye kibanda na kumpita mwenye jumba lililo ukingoni mwa mto ule ule, basi umekwenda kinyume cha kipimo hicho, hata kama ramani yake imechorwa vizuri namna gani.

Sheria ya vijiji nayo imejaribu kuweka mizani. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa faida ya umma, na ardhi yenyewe haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano huo. Na fidia yapasa ipatanwe kabla ya kuhamisha. Msomaji ataona tatizo lililomo humo: katika shamba dogo wanakijiji wana neno la mwisho, na katika shamba kubwa, ambalo hasara yake ni kubwa zaidi kwao, hubaki na ushauri tu. Sisi twaona kwamba kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya wenyeji ingepasa kusikilizwa zaidi.

Je, haiwezekani mpango mpana ukatoka kwa wenyeji wenyewe? Yawezekana. Wilayani Kiteto, katika miaka ya 2010, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipatana kuwa na mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, vikaunganisha malisho yao yatumiwe kwa pamoja, na eneo hilo likaitwa OLENGAPA kwa kuunganisha vipande vya majina yao. Kila kijiji kilibaki na mipaka yake, na juu ya mipaka hiyo wakajenga mapatano. Huo ni mpango wa eneo kubwa ulioanza chini kwa waishio juu ya ardhi yenyewe.

Basi nini wajibu wetu majumbani? Kwanza, tuhudhurie mikutano ya kijiji na ya mtaa. Wengi wetu huifikia harusi iliyo mbali, na mkutano ulio chini ya mwembe wa jirani tukaukosa. Kisha ramani ikipita uani kwetu twauliza nani aliamua. Pili, tuandikishe mashamba yetu, na majina ya wake zetu na haki za mayatima zisiachwe nje ya hati. Tatu, mirathi igawanywe mapema na kwa maandishi. Ikiwa kiwanja hakigawanyiki bila ya kuharibika, warithi wapatane, mmoja akichukue na kuwalipa wenziwe haki zao. Nne, tusijenge mkondoni mwa maji wala kuziba njia ya jirani, kwani mwenye kudai haki yake na aanze kwa kutomdhuru mwenziwe.

Nanyi vijana mliosoma, kazi yenu ni kubwa. Tangazo la mpango likibandikwa, msomeeni mzee asiyejua kusoma. Mfundisheni aulize maswali manne: Haja ya umma ni ipi? Kwa nini hapa na si kwingine? Fidia ni kiasi gani, na italipwa lini? Na kazi isipoanza, katazo litaondolewa siku gani? Mwenye mpango wa haki hatachoka kujibu, na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yasiachwe vinywani mwa watu.

Mwenyezi Mungu atujalie kuzilinda haki zetu bila ya kuwadhulumu jirani zetu. Amin.