Kulinda Ini ni Kazi ya Nyumbani

Mtu akituudhi twasema ametukata maini. Leo tulitazame ini lenyewe.

Mwaka wa 1963, mjini Denver, Marekani, Daktari Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza binadamu ini la mwenzake. Mgonjwa alifariki. Starzl hakukata tamaa, akafaulu mwaka wa 1967, na kufikia kifo chake 2017 alikuwa ameandika makala zaidi ya 2,000. Lakini upasuaji huo ni ghali, na ini la kupandikiza ni adimu duniani kote.

Mama wa Diani au Msambweni, kinga unayo karibu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vikimpata mtoto anapozaliwa, watoto 9 kati ya 10 hubaki navyo, na baadaye huweza kuleta makovu na saratani ya ini. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 2001: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto akipata homa kidogo baada ya sindano ya kwanza, usimkatize. Mrudishe zahanati amalize zote.

Pili, mahindi. Mwaka wa 2004 sumu ya kuvu iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Pwani yetu ina unyevu. Anika mahindi yakauke kabisa ndipo uyapandishe uchagani. Yaliyoota kuvu yatupe, usiwape hata kuku.

Na ukiona macho yamegeuka manjano, wahi hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.