Bromelia kwanza, mapambo baadaye

Asante kwa makala, ila bromelia umeipitia juu juu mno. Kwa chura mwenye sumu Oophaga pumilio, wa misitu ya Nikaragua, Kosta Rika na Panama, mmea huu, ndugu wa nanasi, ndio mahali pa kulelea watoto. Jike humbeba kiluwiluwi mgongoni, akapanda naye hadi kwenye maji yaliyotuama katika kwapa la jani, akamwacha humo. Kisha hurudi mara kwa mara kumtagia mayai yasiyorutubishwa, nayo ndiyo chakula chake.

Kwa hiyo wafugaji wenzangu, chagueni bromelia ndogo aina ya Neoregelia, mzifunge kwenye kigogo ndani ya tangi la kioo. Mkizifukia udongoni, shina huoza. Chini tandazeni majani makavu, vyura wapate kujificha. Pothosi nayo inafaa, lakini hutambaa upesi, ipunguzeni.

Jambo ambalo hukuligusa kabisa ni dawa. Ngozi ya chura hufyonza maji pamoja na kemikali zilizomo, na mimea ya kitaluni mara nyingi imepuliziwa dawa ya wadudu. Kung'uteni udongo wake wote, osheni majani na mizizi, kisha muitenge wiki kadhaa. Tafadhali msiiruke hatua hii.